Kiraka cha Ndani

Daktari alipomwambia Evaristi amrudishe mkewe nyumbani, ampikie anachopenda na asimfanyishe kazi, Evaristi alielewa alichoambiwa. Celestina naye alielewa. Basi kutoka Kayanga liliwashusha njiapanda jua likiwa bado kali, wakatembea polepole hadi Nyakatuntu, mama wa watu akipumzika kwenye kila kivuli. Walipofika hakuingia ndani. Alipitiliza hadi nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, mahali walipozikwa wazazi wa Evaristi. Akasimama hapo, mkono mmoja juu ya tumbo lake lililovimba.

"Baba Projest, mimi nitalala hapa?"

"Unaanza maneno gani tena?"

"Nakuuliza tu."

"Hapa," Evaristi alisema, akitazama pembeni. "Utalala wapi kwingine?"

"Na Kokuhirwa?"

Kokuhirwa alikuwa mtoto wao wa kwanza. Mwaka 1978, majeshi ya adui yalipovuka mpaka na mabomu yakaanza kusikika upande wa Murongo, wanawake wa pale kijijini walipanda mitumbwi na watoto wao, wakajificha Akagongo, kilima kidogo kilichozungukwa na kinamasi pande zote. Evaristi hakuwa nao. Alikuwa amechukuliwa na mgambo kubebea askari masanduku. Aliporudi baada ya miezi mingi alimkuta Celestina kanyoa nywele. Homa ilimchukua mtoto kulekule kisiwani, wanawake wakamzika kwa jembe la kupalilia, bila sanduku, bila katekista, bila baba. Alikuwa na miaka sita.

Walipanga kumrudisha nyumbani mambo yakitulia. Mambo yalipotulia, njia ilikuwa imekwisha kuziba. Mafunjo ya kule huelea juu ya maji, yakishikana mizizi kama mkeka, na upepo huyasukuma huku na huku. Yalisogea, yakaufunika mfereji wa mitumbwi. Ukienda kwa mtumbwi unakwama. Ukienda kwa miguu unazama hadi kifuani. Miaka kumi na minane Celestina alikuwa akiteremka bondeni kukata nyasi, akisimama kidogo kukitazama kile kilima, kisha anarudi na mzigo wake. Watu walikuwa wameacha hata kumwita Mama Kokuhirwa. Walimwita kwa jina la mtoto wa pili, Projest, ili wasimtoneshe kidonda.

"Nataka alale na mimi," alisema jioni ile. "Sina ombi jingine."

Evaristi alikuwa mkulima wa kahawa na mtengenezaji wa rubisi. Ndizi zake za pombe zilisifiwa hadi Kamuli. Lakini mtu hawezi kuvuka kinamasi kwa sifa za pombe. Aliumiza kichwa siku kadhaa, kisha akamkumbuka Harerimana, na akakumbuka Kikere.

Harerimana alikuwa fundi baiskeli, mtu wa asili ya Burundi aliyehamia pale akiwa kijana. Kabla ya vita aliwahi kuwa dereva wa Wazungu waliokuja kuchunguza mbung'o. Wazungu hao walileta gari la ajabu: dogo, halina paa, lina matairi sita manene kama maboga, na bodi lake lote ni la plastiki, kama beseni kubwa. Halikuwa na usukani, ila vijiti viwili vya kuvuta. Lilitembea nchi kavu, likaingia kwenye matope, likafika majini likaelea, likatoka ng'ambo ya pili bila kupumzika. Watu wakaliita Kikere, yaani chura. Wazungu walipoondoka walimwachia Harerimana, na wakati wa vita mtu mmoja alijaribu kulikokota kwa trekta, likagonga jabali. Tangu hapo lilikaa nyuma ya nyumba ya Harerimana, kuku wakitagia ndani.

"Shikamoo, kaka," Harerimana alisema alipomwona Evaristi amesimama mbele ya lile gari. "Unataka kuku au mayai?"

"Marahaba. Nataka hiki."

Harerimana alicheka, kisha akauona uso wa mwenzake, akaacha. Evaristi alimweleza yote. Fundi alisikiliza akijifuta grisi mikononi kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Injini naweza," alisema mwishowe. "Ni ndogo, haina mambo mengi. Minyororo naweza. Matairi tutaziba. Ila njoo uone huku."

Wakakipindua. Chini ya tumbo la Kikere kulikuwa na ufa mrefu, umepinda kama kijito, na mwishoni umegawanyika mara mbili. Jua la miaka yote hiyo lilikuwa limeifanya plastiki iwe kavu, rangi yake ya chungwa imekuwa nyeupe kama ganda la yai.

"Hapo ndipo penye kazi," alisema Harerimana.

Walianza kipindi cha mvua. Kila Evaristi alipomaliza shamba alikwenda kwa Harerimana, na habari zikaenea. Mzee Kaijage, jirani ambaye hakuweza kupita mahali bila kutupa neno, alikuwa akisimama uani na fimbo yake.

"Evaristi, siku hizi unafuga chura? Anakula nini huyo, nyasi au petroli?"

"Anakula wazee wasio na kazi," Harerimana alijibu toka chini ya gari.

"Basi akitaga nihifadhie yai moja. Nilipande kibandani, liote matairi."

Watu wakacheka. Evaristi naye alicheka kidogo. Hakuna aliyewaambia kazi ile ilikuwa ya nini, lakini wote walijua.

Plastiki ile ilikuwa kaidi. Walipaka solusheni ya kuzibia tyubu, ikabanduka kama gamba la kidonda. Walijaribu lami, ikashika asubuhi ikaachia mchana. Plastiki ya aina hiyo, Harerimana alisema, haikubali gundi yoyote. Inakubali ndugu yake tu. Akatafuta dumu la mafuta ya kula lililopasuka, akalikata vipande, akachochea mkaa, akatia chuma motoni mpaka kikawa chekundu. Kwanza alitoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa, ili ufa usiendelee kutembea. Kisha akaanza kuyeyusha kipande cha dumu juu ya bodi, kidogo kidogo, vyote viwili vikilainika pamoja na kushikana. Moshi ulichoma macho. Evaristi alishikilia kipande kwa koleo na kupuliza mkaa, akijifunza kunyamaza kila chuma kilipogusa plastiki, maana Harerimana hakutaka kuongeleshwa wakati huo.

Kiraka walikiweka ndani. Walilijadili jambo hilo. Kwa nje, Harerimana alisema, visiki vya mafunjo vingekikwangua hadi kitoke. Ndani kitakuwa salama. Evaristi alikubali; hata yeye, mtumbwi wake wa pombe, lile gogo lililochongwa tumbo la kukanyagia ndizi, ulipopasuka, aliuziba kwa ndani.

Kiangazi kilipoingia injini ilikuwa inawaka. Ilikohoa, ikatoa moshi wa buluu, kuku wakatawanyika, na Celestina, aliyekuwa ameletewa kigoda akae kivulini, alipiga vigelegele kwa sauti iliyokwisha nguvu. Evaristi alimtazama. Shingo yake ilikuwa imebaki mishipa mitupu. Tumbo lilizidi kuwa kubwa, na mwili wote uliosalia ulizidi kuwa mdogo.

"Twende kesho," alisema Celestina.

"Lazima tukijaribu kwanza," alijibu Harerimana. "Tukipeleke bondeni, tukielee pale pembeni siku mbili tatu."

"Bondeni mbali, na petroli yenyewe ndiyo hii," Evaristi alisema. "Kitu kinachovuja mimi nitakijua hapahapa. Hilo niachie mimi."

Na kweli, katika jambo hilo hapakuwa na mtu kijiji kizima ambaye angebishana naye. Mtumbwi wa pombe ukivuja, jasho la watu wote waliokanyaga ndizi linaishia ardhini, na Evaristi hakuwahi kumwaga pombe ya mtu. Alifanya kama alivyofanya siku zote. Walitoa injini, wakainua Kikere juu ya magogo, akatandaza majivu makavu chini yake. Wanawake wakaleta maji kutoka kisimani wakipokezana, wakajaza tumbo la gari mpaka karibu na matundu ya ekseli. Kisha wakaliacha hadi kesho yake. Ikiwa tone moja lingepita, majivu yangelowa na kuonyesha doa.

Asubuhi Evaristi alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya gari. Akainua konzi ya majivu, akaipuliza. Yalipeperuka kama unga.

"Makavu," alisema, akiwaonyesha kiganja.

Harerimana alimpiga begani. Hata mzee Kaijage aliinama kuyagusa majivu.

Walikwenda watatu, kwa sababu ni Celestina peke yake aliyejua kaburi lilipo. Projest, mtoto wa pili, aliyekuwa fundi cherehani Kayanga, alibaki nyumbani na wanaume wa ukoo kuandaa mahali. Katekista aliahidi kufika mchana. Harerimana alishika vile vijiti viwili, mume na mke wakakaa nyuma, wamebanana, shuka jeupe jipya limekunjwa mapajani mwa Celestina.

Kikere kiliteremka bondeni kikirukaruka, kikaingia kwenye mafunjo. Watu waliokuwa ukingoni walishangilia. Matairi yale manene yalilalia mkeka wa mafunjo bila kuutoboa. Mashina yalilala mbele yao, yakainuka nyuma yao. Palipokuwa na maji kati ya mkeka na mkeka, Kikere kilielea, matairi yakipiga maji kama miguu ya bata, kisha kikapanda tena upande wa pili. Evaristi aliona maji kidogo miguuni pake. Akadhani ni yanayorushwa na matairi. Mkewe alikuwa amemshika mkono, na tangu aanze kuugulia nyumbani Evaristi hakuwahi kumwona na uso mwepesi namna ile.

Akagongo palikuwa kimya. Celestina alishuka, akatazama huku na huku, akaenda moja kwa moja hadi kwenye mti mmoja wa miiba, akahesabu hatua kwa midomo, akakaa chini.

"Hapa."

Evaristi alichimba. Harerimana alitaka kumpokea jembe, akakataa. Alipoanza kuona alichokuja kukitafuta aliliweka jembe kando, akaendelea kwa mikono. Kisha akaacha, akajivuta hadi ukingoni mwa shimo. Celestina akateremka mwenyewe ndani ya shimo. Alitoa kipande kimoja kimoja, akikipangusa udongo kwa ncha ya kanga, polepole, kama anayemwogesha mtoto asiyependa maji, kisha akikilaza kwenye lile shuka jeupe. Alipoinua fuvu, meno madogo ya utotoni yalikuwa bado yamejipanga. Aliligeuza likamwelekea Evaristi.

"Huyu hapa baba yako," alisema kwa Kinyambo. "Amechelewa, lakini amekuja."

Evaristi alilia, mtu mzima, paji la uso limegusa ardhi. Harerimana alikwenda kusimama mbali, akiwapa mgongo.

Walipoanza kurudi upepo wa mchana ulikuwa umeanza. Njia waliyoijia haikuwapo tena. Mikeka ya mafunjo ilikuwa imeachana, na karibu na ukingo wa kwao, mahali ambapo asubuhi waliruka kijimfereji, sasa palikuwa na maji mapana, meusi, ya kina kirefu. Ng'ambo, watu walikuwa wanapunga mikono.

"Tutaelea," alisema Harerimana. "Si ndiyo kazi yake?"

Kikere kiliingia majini. Kilikwenda vizuri, polepole, matairi yakichapa. Kisha Evaristi akasikia baridi kwenye vifundo vya miguu. Akatazama chini. Ukingo wa kiraka ulikuwa umeinuka. Aliutazama bila kuelewa: kipande kile cha dumu, alichokishika kwa koleo mwenyewe, kilikuwa kinajifungua kutoka pembeni kama jani linalosukumwa na chipukizi, na maji yalikuwa yanaingia kwa kusukuma, kutoka chini, kuja juu.

Hapo ndipo alipoelewa, na aliyaelewa yote kwa mara moja. Mtumbwi wa pombe hubeba maji tumboni mwake. Maji aliyoyajaza uani yalikikandamiza kiraka usiku kucha, yakikishikilia mahali pake. Humu kinamasini maji yalikuwa nje, yakitafuta kuingia, na kiraka hakikuwa na kitu cha kukishikilia isipokuwa ule mshono mwembamba. Alikuwa amekijaribu chombo kwa namna ambayo kisingeweza kushindwa.

"Kanyaga hapo!" Harerimana alipiga kelele. "Kikanyage, kaka!"

Alikikanyaga kwa miguu yote miwili. Kikapasuka chote, kikatoka.

Kilichofuata kilikuwa kifupi. Maji yalifika kwenye injini, ikazimika. Kikere kiliinamia upande, na Harerimana, aliyekuwa mbele, akaruka akadaka mafunjo ya ukingoni. Celestina alizaliwa kando ya ziwa. Maji hayakumtisha hata katika udhaifu ule. Alijisukuma, mkono wa kushoto ukashika mzizi wa mafunjo, wa kulia umelikumbatia shuka. Evaristi alikuwa mtu wa milimani. Hakujua kuogelea. Alizama, akaibuka, akaona anga, akazama tena. Masikioni palijaa mvumo. Akafikiri, bila hofu sana, kwamba huyu anayezama ndiye mtu yuleyule aliyejaza maji uani.

Kitu kikamshika kola ya shati. Kilimvuta juu kwa nguvu ambayo hakuijua ilikotoka, mpaka uso wake ukagonga mafunjo, na mikono yake ikashika yenyewe. Alikohoa maji. Alipofumbua macho alimwona mkewe karibu naye, ananing'inia kwa mkono wa kushoto, anahema. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado umeng'ang'ania kola yake.

Alihitaji muda kuelewa alichokuwa anakiona: mkono ule ndio uliokuwa na shuka.

Akageuka. Weupe wa shuka ulikuwa bado unaonekana, unakwenda chini taratibu, ukitoa mapovu madogo. Kisha ukawa kama mwanga, kisha hapakuwa na kitu.

"Celestina…"

"Shika vizuri," alisema. "Shika, usiongee."

Watu wa ukingoni waliwatupia kamba na nguzo ndefu, wakawavuta mmoja mmoja juu ya mkeka wa mafunjo kama magunia. Harerimana alikuwa akirudia neno moja, "Nisamehe mama, nisamehe mama," mpaka Celestina alipomwekea mkono kichwani akanyamaza. Walipanda mlima wakiwa wamelowa. Celestina alibebwa kwenye machela. Evaristi alitembea pembeni, akitafuta neno, na kila neno alilolipata lilikuwa dogo.

"Ni mimi," alisema hatimaye. "Nilikijaza kwa ndani."

"Najua."

"Ungemshika yeye."

Celestina alifumba macho. Wabebaji waliteleza, machela ikayumba, ikatulia.

"Yeye nilimshika hadi mwisho siku ile alipokuwa anapumua," alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa unapumua leo."

Nyumbani walikuta watu wengi wamekaa kwenye nyasi, katekista na kanzu yake, vyungu vya ndizi jikoni. Projest alisimama na koleo, matope hadi magotini. Nyuma yake, kando ya babu na bibi, kaburi lilikuwa tayari. Dogo, kingo zake zimenyooka, amelichonga vizuri kama anavyokata kitambaa. Aliwatazama wazazi wake, akaitazama mikono yao mitupu, koleo likaanguka.

Hakuna aliyejua la kufanya. Hatimaye mzee Kaijage alisogea. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Kaburi lililochimbwa halilali wazi," alisema kwa upole. "Litaita mtu. Tukate mgomba, Evaristi, tuuzike mahali pa mtoto. Wazee walifanya hivyo kwa waliopotea. Baba katekista atatuombea, na Mungu ataelewa."

Wanaume wawili walikuwa wamekwisha kuchukua panga. Celestina alisema kutoka kwenye machela, si kwa sauti kubwa:

"Liacheni."

"Mama Projest, lakini desturi…"

"Niiteni Mama Kokuhirwa," alisema. "Na mliache. Litamwita nani, Mzee Kaijage? Kama ni mimi, si nilikwisha kuitwa?"

Wazee walitazamana. Wakaweka nguzo juu ya shimo na kulifunika kwa majani ya migomba. Katekista aliomba. Watu wakala chakula kile kwa sababu kilikuwa kimepikwa, wakaondoka mapema.

Maji ya kinamasi yalikuwa yamemwingia Celestina kifuani. Homa ilipanda usiku uleule na haikushuka. Evaristi hakutoka pale kitandani. Alimwosha, akamgeuza, akamlisha uji ambao haukumezwa. Siku moja asubuhi alimwomba amweleze jinsi Kokuhirwa alivyokuwa kule kisiwani siku zile, maana hakuwahi kuthubutu kuuliza. Celestina alimweleza. Alimwambia mtoto aliogopa mabomu siku ya kwanza tu, baadaye akawa anayahesabu na kucheka. Kwamba aliwafundisha wenzake wimbo wa shule. Kwamba siku za mwisho alikuwa akiuliza kama baba amepewa bunduki au anabeba masanduku tu.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia umepewa bunduki." Akatabasamu kidogo. "Alifurahi sana."

Alikufa kesho yake, wakati watu wanatoka kanisani.

Projest na vijana walikuja na majembe, wakaondoa majani na nguzo. Kisha wakasimama, maana shimo lilikuwa limechimbwa kwa kipimo cha mtoto wa miaka sita. Mmoja akainua jembe. Evaristi alilipokea mkononi mwake, akateremka peke yake. Vijana walisubiri kwenye kingo, kofia mikononi, na yeye akaanza kulirefusha upande wa miguuni, akikata udongo mwekundu kidogo kidogo. Kila baada ya muda alisimama, akalala chini chali kupima, kwa kuwa yeye na Celestina walikuwa wa urefu mmoja, kisha akainuka akaendelea kuchimba.